Nini Kilitokea Kabla ya Hapa?

Nilipoanza kuwasaidia watoto wa mtaa kazi zao za Kiingereza, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kitabu kilikuwa kimoja na wasomaji watano. Tulikaa mkekani kwangu Marachi, Busia ya Kenya, koroboi katikati, The River and the Source cha Margaret Ogola kikipita mkono kwa mkono. Mmoja akichoka kusoma, anampokeza mwenzake. Akoko alipofunga safari kwenda Kisumu kumshtaki shemeji yake aliyenyakua kiti cha uchifu, hakuna aliyesinzia. Barabara ya Kisumu waliijua. Magari yake yaliwaamsha kila alfajiri.

Mmoja wao alitoka ng'ambo, Busia ya Uganda. Alipita njia ya panya, daftari ndani ya shati, akipishana na wabeba sukari. Kwao fasihi ya Kiingereza ni somo linalojitegemea. Kwetu wakati huo ilikuwa ndani ya karatasi za Kiingereza. Lakini swali lililowatoa jasho wote lilikuwa moja: unapewa dondoo, unaulizwa nini kilitokea kabla ya hapa. Wangu walijibu bila shida, kwa kuwa hadithi waliisikia yote.

Baadaye miongozo ikajaa madukani na kwenye vibanda vya fotokopi. Jioni moja msichana wa kidato cha nne alinitiririshia maudhui na wahusika wa Betrayal in the City, tamthilia ya Francis Imbuga, bila kukwama. Nikamwambia aandike Kafira, jina la nchi ya mle ndani, kisha azipange herufi upya. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Kalamu ikasimama.

"Ticha! Kumbe ni Afrika!"

Tamthilia yenyewe hakuwa ameifungua hata siku moja. Usiku huo aliiazima.

Machi 2020 shule zikafungwa pande zote mbili kwa sababu ya korona. Kwetu watahiniwa walirudi Oktoba, wengine Januari 2021. Uganda, shule hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Miezi hiyo mvulana mmoja wa upande wa Tororo alikuwa akiishi hapa kwa shangazi yake, muuza omena. Hakuwa na mtihani wala mwalimu. Alikuja kuniomba kitabu, chochote kile.

Siku moja nilipita sokoni nikawakuta. Mvulana anasoma kurasa mbili kwa Kiingereza, anafunga kitabu kidole kikiwa ndani, anamsimulia shangazi kwa Kisamia kilichochanganyika na Kiswahili. Mama yule hakujua Kiingereza. Mikono yake ilikuwa ikipima omena kwa gorogoro, lakini masikio yalikuwa kwenye hadithi.

"Ngoja, mwanangu. Huyo mzee amekasirika kwa nini? Nini kilitokea kabla ya hapo?"

Mvulana akajikuna kichwa, akarudi nyuma kurasa tatu.

Nilisimama pale na kikapu changu. Swali la karatasi ya mtihani lilikuwa limeulizwa na mtu asiyewahi kuuona mtihani wenyewe, na aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Siku hizi simu inaandika insha nzima kabla chai haijapoa. Watoto huniletea majibu yaliyonyooka mno, nami sigombani nao. Simu zinawekwa kikapuni mlangoni. Tunasoma kurasa mbili kwa sauti, kisha kila mmoja anasimulia kwa lugha ya kwao, Kisamia, Kiteso au Kiswahili. Anayekwama anarudi kitabuni. Kiingereza cha jibu huja baadaye, na huja chepesi.

Mzazi mwenzangu, usiseme huwezi kumsaidia mwanao kwa kuwa Kiingereza kilikupita. Leo jioni, ukichambua mboga, mwambie akusimulie alichosoma. Akifika katikati, msimamishe umuulize: nini kilitokea kabla ya hapo?