Sindano ya Usiku wa Manane

Kila nikiitetea Dark City naanza kwa kukubali nusu ya mashtaka. Ndiyo, wahusika wake ni baridi. Ndiyo, pambano la mwisho, la kurushiana nguvu za akili juu ya jiji, linachosha. Na ndiyo, imevaa vizuri kupita kiasi: makoti marefu, kofia, taa hafifu, vichochoro visivyojua jua.

Alex Proyas aliitoa Februari 1998, Titanic ikiwa bado imezikalia kumbi za sinema. Iligharimu takriban dola milioni 27. Marekani ikaambulia kama nusu yake. Roger Ebert wa Chicago Sun-Times aliitangaza filamu bora ya mwaka. Wengine waliona mapambo matupu. Mwaka uliofuata ikaja The Matrix, iliyotumia baadhi ya majengo yale yale ya studio huko Sydney, ikabeba sifa zote.

John Murdoch anazinduka ndani ya bafu la hoteli. Hakumbuki hata jina lake, na chumbani mna maiti ya mwanamke. Mpaka hapo ni filamu ya upelelezi ya miaka ya 1940. Lakini saa sita za usiku jiji zima hulala ghafla, majengo huota kama uyoga, na viumbe wenye nyuso nyeupe hubadilisha maisha ya watu. Mume na mke maskini wanasinzia mezani. Meza inarefuka, chumba kinakuwa kasri, wanadungwa kumbukumbu mpya kwenye paji la uso. Wanaamka matajiri, wala hawashangai.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaolalamikia ubaridi. Mtu aliyepewa utoto wake jana usiku, mlitaka awe na kina gani?

Nina kumbukumbu moja tu ya baba, aliyefariki nikiwa na miaka minne. Amenipakia mbele ya baiskeli, tunasubiri pantoni ya Kigamboni, mkono wake umenishika tumboni, kuna harufu ya dizeli. Mwaka juzi niliisimulia mbele ya kaka yangu.

"Huyo ni mimi," akasema. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mama amekusimulia mno."

Mama hayupo tena wa kuamua. Kaka hakusema kwa ubaya. Aliendelea kumenya chungwa lake. Mimi bado nausikia ule mkono tumboni.

Kwa hiyo siwezi kuiita baridi filamu yenye Emma, mke wa Murdoch, akiwa upande wa pili wa kioo mahabusu. Mumewe anamwambia kwamba huenda yote anayoyakumbuka juu yao hayakutokea, huenda ndoa yenyewe ilichanganywa kwenye sindano. Emma anajibu kwamba anampenda, na kwamba pendo hilo haliwezi kughushiwa. Kioo kinapasuka. Sijui jibu lake kama ni sahihi, ila nalihitaji.

Studio iliogopa hatutaelewa, ikabandika mwanzoni sauti inayofichua siri nzima. Toleo la mwongozaji la 2008 liliiondoa. Ukiikuta ile ya 1998, nyamazisha sauti mpaka umwone Kiefer Sutherland na saa yake ya mfukoni.