Kuzima Mlio

Neno marimba asili yake ni lugha zetu za Kibantu. Lilivuka bahari ya Atlantiki pamoja na watu waliotiwa utumwani, likaota mizizi Amerika ya Kati, na mwishoni mwa miaka ya 1940 likamfikia mtoto wa miaka sita katika jimbo la Indiana, Marekani. Mtoto huyo, Gary Burton, alizaliwa mjini Anderson mwaka 1943. Alipata masomo kidogo utotoni. Yaliyosalia alijifundisha mwenyewe, akihama kutoka marimba ya mbao hadi kwa ndugu yake wa madini, vibrafoni.

Msomaji ambaye hajakiona chombo hiki na avute taswira ya vibao vya aluminiamu vilivyopangwa kama funguo za piano, na chini yake mabomba ya kukuza sauti. Katika midomo ya mabomba mna visahani vinavyozungushwa na mota ili sauti itetemeke. Chini kabisa pana kikanyagio. Ukikikanyaga, kila kibao ukigongacho huvuma. Ukikiachia, vyote hunyamaza. Mtihani uko hapo. Mvumo wa kibao cha kwanza haujesha, nawe umekwisha kugonga cha tatu, na sauti zinamwagikiana kama wino juu ya karatasi mbichi.

Burton alikuwa akipiga peke yake nyumbani, hana wa kumwitikia, ndipo akashika vijiti vinne, viwili kila mkono, ajiitikie mwenyewe. Hakuwa wa kwanza: Red Norvo alikwisha kufanya hivyo katika miaka ya 1930. Lakini Burton aliifanya njia hiyo kuwa lugha kamili. Mtetemo wa mota aliuacha. Na alikamilisha ufundi wa kuzima: kijiti kimoja kinagonga kibao kipya, na papo hapo kingine kinagusa kibao cha zamani na kukinyamazisha, huku vingine vikiachwa vivume.

Mimi ni mfasiri, na ufundi huo naujua kwa jina jingine. Kiingereza hutaja mtenda na mtendwa kila mmoja kwa neno lake. Kitenzi chetu huwabeba wote wawili mgongoni. Nikiyaacha maneno yote ya asili yavume, ubeti hujaa ukungu. Nikiyazima yote, hubaki mifupa. Kazi ni kuchagua lipi lizimwe, na lizimwe lini.

Ama kuhusu safari yake jukwaani, nitapita upesi. Alipiga na George Shearing, kisha na Stan Getz, na mwaka 1967 akaunda kikundi chake cha watu wanne kilichotia gitaa la roki ndani ya jazi. Novemba 1972, mjini Oslo, yeye na mpiga piano Chick Corea walirekodi kwa saa chache santuri ya Crystal Silence. Ni malumbano ya malenga wawili wasiogombana: mmoja hutoa, mwingine hupokea kabla kina hakijapoa. Nakiri kwamba usafi wa Burton mara nyingine hunikinaisha. Milt Jackson, aliyeiendesha mota yake polepole, hunipa zaidi harufu ya jasho la binadamu.

Linalonigusa zaidi ni ualimu. Mwaka 1971 Burton alianza kufundisha katika chuo cha Berklee, mjini Boston, akakaa zaidi ya miaka 30 na kupanda hadi umakamu wa rais wa chuo. Aliyejifundisha mwenyewe akawa mwalimu wa walimu. Pat Metheny aliingia katika kikundi chake mwaka 1974 akiwa kijana wa miaka 19. Burton hakuwaambia wanafunzi kwamba ubunifu wa papo kwa papo ni siri ya mbinguni. Aliufananisha na mazungumzo: anayejua sarufi na msamiati wa lugha hazifikirii tena anaposema, lakini lazima kwanza azijue.

Wapo miongoni mwa wenzangu wasemao kwamba aliyejifunza peke yake hana cha kurithisha, kwa kuwa hajui majina ya vitu alivyovigundua. Mimi naona kinyume. Aliyeokota kila kitu kwa mkono wake anajua kilikuwa wapi. Shida ni kukaa chini na kukitaja.

Mwaka 2017, akiwa na miaka 74, Burton alifanya ziara ya mwisho na mpiga piano Makoto Ozone, kisha akaweka vijiti chini. Mshiko wake unafundishwa hadi leo, nao unaitwa kwa jina lake.

Nami yuko kijana aniletaye tungo baada ya sala ya Ijumaa. Wiki hii nilimwonyesha, katika ubeti mmoja, maneno matano yaliyotiwa kujaza mizani tu. Akauliza nimeyajuaje. Tulikaa hadi alasiri nikimweleza, neno baada ya neno.