Simu 14 nikiwa Bagamoyo

Nilikuwa na miaka 46 nilipokiri mbele ya mwanangu wa miaka 11 kwamba sijui kuogelea. Yeye alijifunza shuleni. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, bahari naiona kila wiki, lakini maji yakinifika kifuani moyo unaanza kudunda.

“Mama, usiibane pumzi,” aliniambia. “Itoe majini polepole, kama unapuliza chai.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza maandalizi ya triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo siku moja. Mashindano niliyoyalenga ni ya Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, yaliyofanyika huko kwa mara ya kwanza Agosti 2022. Unaogelea kilomita 1.9, unaendesha baiskeli 90, kisha unakimbia 21.1. Chanzo kilikuwa daktari aliyeniambia presha imeanza kupanda. Nadhani yeye angeridhika na matembezi ya jioni, ila mimi sijawahi kuwa mtu wa kiasi.

Miezi ya kwanza nilikuwa kwenye bwawa, nikinywa maji mengi kuliko niliyoyaogelea. Nilipohamia Coco Beach, mzee mmoja mvuvi alinicheka kwa kufika wakati maji yamekupwa, nikawa natembea juu ya mawe. Akanifundisha kuhesabu siku: bamvua maji hujaa sana na mkondo huwa mkali, kwa hiyo mwanagenzi asubiri maji mafu. Baadaye nikajua tatizo jingine. Maji ya chumvi yanakubeba, ya ziwani hayakubebi hivyo, na Kivu iko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambako mtu wa pwani pumzi humkata mapema. Nikarudi bwawani.

Mazoezi yalikula kama saa kumi kwa wiki. Kukimbia nilikuwa namaliza kabla watoto hawajaamka. Baiskeli ndiyo ilikuwa na gharama. Kutoka kwetu Tegeta hadi Bagamoyo na kurudi kunakaribia kilomita 90, na lazima utoke saa kumi na moja alfajiri kabla malori na daladala hazijajaa barabarani. Jumamosi ikawa yangu. Binti yangu, kifungua mimba wa miaka 17, akawa anabaki na wadogo zake wawili. Sikumwomba. Nilimwachia tu, kama mtu anavyoacha ufunguo juu ya meza.

Jumamosi moja baba watoto alikuwa Dodoma kikazi. Nilifika Bagamoyo saa mbili kasoro, nikaketi kwa mama ntilie, nikaagiza chai na vitumbua. Simu nilikuwa nimeizima sauti ili isinishtue barabarani. Kuitoa mfukoni, simu 14 ambazo hazikupokelewa, zote za binti yangu.

Kitinda mimba wetu ana miaka sita na ana pumu. Ilimbana alfajiri ile, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Naomba niliseme hili vizuri, maana kwa mama yangu nilipindisha maneno. Nilijua kuwa inakaribia kuisha. Jumatano nilipita mbele ya duka la dawa, sikusimama, kwa sababu nilikuwa nawahi fundi kununua tyubu ya baiskeli.

Binti alimbeba mdogo wake hadi kwa jirani, wakapanda bajaji hadi hospitali. Nilipopiga walikuwa wamefika, mtoto amewekewa dawa ya mvuke na anapumua. Baiskeli niliiacha kwa mama ntilie, nikarudi kwa bodaboda. Njia nzima, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, sikumbuki kuiona.

Nilimkuta binti yangu kwenye benchi, kandambili moja haipo.

“Sikujua kama anakufa,” alisema. “Nilikuwa napiga tu.”

Niliacha mazoezi wiki mbili. Mama yangu aliunga mkono: “Mwanangu, hayo mambo yana umri wake.” Baba watoto aliporudi hakufoka, na ukimya wake ulinikera kuliko kufokewa. Jioni moja nikatangaza mezani kwamba naiuza baiskeli. Nilitegemea binti afurahi.

“Usiiuze, Mama,” alisema bila kuinua macho kwenye sahani. “Ukiiuza utasema uliacha kwa ajili yetu. Mimi sikusema uache. Nilisema usiniachie mtoto peke yangu bila kuniuliza.”

Baba yake akataka kumkemea. Nikamzuia.

Sasa Bagamoyo naenda Jumamosi ambazo baba watoto yupo nyumbani. Asipokuwepo, naifunga baiskeli kwenye stendi hapo barazani na kunyonga pedali saa mbili nikitazama ukuta wa jirani. Inachosha akili kuliko miguu. Simu ina sauti kubwa kuliko ya king'ora. Mazoezi yamepungua, na ninaogopa, kwa sababu Rubavu wanakupa saa 1 na dakika 10 tu kumaliza kuogelea, na wiki iliyopita bwawani nilitumia saa 1 na dakika 6. Presha imeshuka kidogo.

Ijumaa jioni, kabla sijajaza upepo kwenye matairi, tunaangalia dawa ya mtoto, mimi na binti. Yeye anasoma namba ya mipulizo iliyobaki, mimi naiandika kwenye kalenda ya ukutani. Juzi aliifunua kalenda hadi ukurasa wa siku ya mashindano, akauangalia muda mrefu. Nilimuuliza kama atakuja Rwanda.

“Nitakwambia,” alisema, akaufunika.