Kahawa ya Saa Moja

Kabla ya mwaka 2020, saa moja jioni ilikuwa saa ya makelele kuliko zote mtaani kwetu Nabuyonga, hapa Mbale. Bodaboda ziligombea abiria waliotoka sokoni, wapika rolex, zile chapati za kuviringishwa, walipasua mayai chini ya taa zao, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza narudi na furushi la madaftari ya kusahihisha. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na miwili karibu na mto ulioupa mtaa huu jina lake. Kila siku niliuvuka nikienda kazini na nikirudi. Sauti yake sikuijua.

Machi 20 mwaka huo shule zilifungwa Uganda nzima kwa sababu ya korona. Siku tano baadaye magari ya abiria yakasimamishwa, na usiku wa tarehe 30 Rais Museveni akatangaza kafyu: kuanzia kesho yake, saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hakuna kutoka. Siku 14, alisema. Shule ya binafsi niliyokuwa nikifundisha ilitulipa nusu ya mshahara wa mwezi ule, kisha simu zetu hazikupokelewa tena. Nayasema haya ili ieleweke kwamba raha nitakazozisimulia hazikutoka kwenye shibe.

Jioni ile ya kwanza tulikaa barazani, mama, mwanangu wa darasa la nne na mimi. Saa moja ilipogonga, barabara ilikatika kama redio iliyozimwa. Ndipo mtoto akauliza, "Bibi, nani amefungulia bomba?" Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Ulikuwa mto. Mvua za masika zilikuwa zimeanza huko juu mlimani, Wanale, na Nabuyonga ulikuwa unashuka mjini ukisugua mawe. Tuliusikiliza mpaka mbu wakatufukuza. Tangu usiku ule ikawa kazi ya mtoto kutoka barazani na kutupa habari: leo una hasira, leo umelala, leo umebeba matope, nasikia sauti nzito.

Kahawa ilikuja wiki ya pili, sukari na majani ya chai vilipoanza kupimwa kwa kijiko. Mjomba alikuwa ameshuka kutoka Bududa mapema mwezi Machi, akaacha kwetu gunia la buni zilizokwisha kuoshwa na kukaushwa, akingojea bei ipande. Barabara zikafungwa, naye huko juu na gunia huku chini. Wamasaba, watu wa mlima huu, wamelima kahawa ya arabika kwa zaidi ya miaka mia moja. Chama cha ushirika cha Bugisu kipo hapa mjini tangu 1954, na kahawa yake imenywewa Ulaya na Marekani. Lakini majumbani mwetu tulikunywa chai ya maziwa. Kahawa kwetu ilikuwa karo na mabati ya nyumba, na wazee wengi wa mlimani wamezikwa bila kuionja ile waliyoipalilia.

Mama alilitazama gunia siku kadhaa, kisha akampigia nduguye simu. "Tumekaa juu ya hii kahawa kama kuku aliyelalia mayai viza," alimwambia. Mjomba akajibu, "Haya dada, chukueni. Tutahesabiana njia zikifunguliwa."

Tulitwanga kwenye kinu mpaka ganda likaachia, tukapepeta kwa ungo, tukakaanga kwenye chungu. Mkaango wa kwanza uliungua wote. Wa pili mama aliukoroga bila kuinua macho, akisubiri buni zianze kupasuka, tap, tap, tap, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Hapo hapo akazimwaga kwenye ungo na kuzipepea. Tulitwanga tena, tukachemsha na tangawizi. Sijui niielezeje ladha ile. Ilikuwa na uchachu kidogo wa tunda, kisha utamu uliokuja nyuma, ukiwa umekwisha kumeza. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na nyumba yetu inatazamana na mlima inakotoka kahawa hiyo, lakini sikuwa nimewahi kuionja.

Harufu haijui kafyu. Jioni ya tatu nikasikia jirani yangu akiita kutoka ng'ambo ya ua wa michongoma, "Mwalimu, mnapika nini huko? Mnatutesa." Alikuwa mpweke kipindi kile. Bintiye alikuwa muuza nyanya, na wauza vyakula walikuwa wameagizwa walale sokoni wasije wakaleta maradhi nyumbani. Nikamwambia alete kikombe chake mwenyewe. Nilikimiminia kutoka juu, mkono nimeunyoosha, bila kukigusa. Kesho yake wakaja watatu, kila nyumba na kikombe chake, kila mtu kwenye upande wake wa ua.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili na misikiti imefungwa. Magharibi yetu huingia kama robo saa tu kabla ya saa moja, kwa hiyo futari na kafyu vilikuja pamoja. Tuliswali tarawehe barazani, mwanangu akiwa nyuma yangu, na mara nyingi mto ulinizidi sauti. Tukimaliza, jirani yangu, Mkristo wa Kianglikana, alikuwa ameshasimama kwenye michongoma na kikombe chake, akitusubiri.

Ulikuwa mwaka wa kugawanyika kwa mbili, mwaka wa imbalu, tohara ya Wamasaba, lakini ilizuiwa, na ngoma zake za kadodi hazikupita mtaani kama kawaida. Mwezi Julai kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku na bodaboda zikaruhusiwa kupakia abiria. Vikombe kwenye ua vikapungua. Watu walikuwa na riziki ya kutafuta, wala sikuwalaumu. Juni 2021 tulifungiwa tena, na saa moja ikarudi. Januari 2022 shule zikafunguliwa kwa madarasa yote, baada ya karibu miaka miwili, na mwishoni mwa mwezi kafyu ikaondolewa. Mwanangu alikuwa amerefuka kunifikia begani. Sauti ya mto ikazama tena chini ya pikipiki.

Usiku wa Julai 30 mwaka huo ilinyesha mvua ambayo sijapata kuiona. Mwanangu ndiye aliyeniamsha. "Sauti si yake," alisema. Nikatoka, nikapiga kelele kwenye michongoma, na jirani naye akapiga kwenye ua wake wa pili, hivyo hivyo mpaka nyumba ya mwisho, tukapanda juu wote na watoto migongoni. Asubuhi mito ya Nabuyonga na Namatala ilikuwa imevunja kingo. Zaidi ya watu ishirini walikufa Mbale, mabomba ya maji yakakatika, na siku nyingi mji wenye mito ulitafuta maji ya kunywa.

Kingo zimejengwa tena, na nyumba nyingine ziko karibu na maji kuliko zamani. Bado naupenda mto huu kama nilivyoupenda mwaka 2020, lakini siusikilizi tena kwa namna ile. Nasikiliza na viatu viko mlangoni.

Kahawa bado tunakaanga. Ukipita Nabuyonga saa moja jioni, njoo kwenye ua wa michongoma, na uje na kikombe chako.