Solesmes, Kijiji Kinachoimba

Treni ya Paris ilinishusha Sablé-sur-Sarthe asubuhi yenye ukungu. Basi la Solesmes halikuwapo saa hiyo, nikashika njia kwa miguu, kilomita tatu hivi kando ya mto Sarthe. Baridi ilikuwa ya kutetemesha meno, lakini mkate wa moto ulinukia mtaa mzima, na mfukoni nilikuwa na sablé, biskuti za siagi za mji huu, zinazoyeyuka mdomoni hata kabla ya kutafunwa. Njia ikapinda, na abasia ya Mtakatifu Petro ikajitokeza juu ya maji, kubwa kama ngome.

Watawa Wabenediktini walianza hapa mwaka 1010. Mapinduzi ya Ufaransa yakawatawanya, na mwaka 1833 Padre Prosper Guéranger akaurudisha utawa. Warithi wake wakainamia miswada ya kale, noti kwa noti, ili wimbo wa Kigregori, uimbaji wa kale wa Kilatini wa Kanisa, upate tena sura yake. Vile vitabu vya noti za mraba ambavyo wazee wetu wa kwaya walivijua misheni vinatokana na jasho hilo.

Saa nne kengele ikalia, nikaingia kanisani. Mama mmoja mwenye mvi akanisogezea nafasi, akakiweka kitabu chake katikati yetu, na kidole chake kikanifuatishia Kilatini mpaka mwisho wa Misa. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza, tuliimba tu.

Mchana maduka yalifungwa, nikala mkate na rillettes, nyama ya nguruwe iliyopikwa hadi ikachambuka. Kisha nikarudi kanisani kuitazama sanamu ya mwaka 1496 ya Maria Magdalena aliyeketi mbele ya kaburi la Yesu. Mmonaki aliyenipokea, aliposikia natoka Afrika, alinitajia kwa furaha Keur Moussa, Senegal, abasia iliyoanzishwa na wenzake, ambako zaburi huimbwa kwa kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi.

Masifu ya Jioni ndiyo yaliyonishinda nguvu. Upande mmoja wa kwaya ya wamonaki huanza mstari wa zaburi, katikati hutua, pumzi moja, kisha humalizia. Upande wa pili hupokea. Hakuna anayepaza sauti kumzidi mwenzake. Neno linasikika lote, na unaelewa kwamba huu ni wimbo wa kusali kabla haujawa wa kusikilizwa.

Ukifika Ufaransa, usiishie Paris. Misa huimbwa Solesmes kila siku saa nne asubuhi, na hakuna kiingilio.