Popo wa darini, popo wa mwembeni: majirani tuliowahukumu bila ya kuwajua

Mapema mwezi wa Shaabani, baada ya Swala ya Ijumaa, kamati ya msikiti wetu ulio nje kidogo ya mji wa Tanga ilikaa kikao chenye ajenda mbili, na zote mbili zilihusu popo. Ya kwanza ililetwa na akina mama. Ukumbi wao wa kuswalia ulikuwa ukidondokewa na kinyesi kutoka darini, na kila alfajiri mmoja wao alilazimika kufagia mazulia kabla ya adhana. Ya pili ililetwa na vijana wanaotunza makaburi yaliyo nyuma ya msikiti. Chini ya mwembe mkongwe wa makaburini, walisema, kila asubuhi hutapakaa makapi ya maembe yaliyotafunwa, na usiku husikika mlio ambao umewatia watoto hofu. Mmoja wetu akapendekeza sumu kwa wa darini na shoka kwa mwembe. Tulikuwa karibu kupitisha.

Hapo mzee wetu mmoja, mkubwa kuliko wanakamati wote, akaomba kusema. "Wanangu," alisema, "mwembe ule aliupanda babu yangu kwa nia ya waqfu, ili wanaozika wapate kivuli na wapita njia wapate embe. Na hao popo, mnawajua? Maana mara ya mwisho tuliwahukumu bila ya kuwajua."

Kimya kilitanda, kwani sote tulikumbuka. Miaka mitatu nyuma tuliona popo wakiingia kwenye upenyo ulio baina ya bati na ukuta wa upande wa kibla. Tukamwita fundi, naye saa nne ya asubuhi akaziba kila tundu kwa saruji. Tulimlipa tukamshukuru. Siku ya tatu harufu ikaanza. Fundi alipobandua ubao wa dari tulikuta makumi ya popo wamekufa, na miongoni mwao majike ambao vitoto vyao vilikuwa bado vimeng'ang'ania vifuani. Tuliswali uani kwa wiki nzima. Hakuna aliyekusudia dhulma siku ile, lakini dhulma ilitendeka, na iliingia kwa mlango wa ujinga.

Kikao kikaahirishwa. Sisi tunaoandika mistari hii, pamoja na imamu na yule mzee, tukapewa kazi ya kuwachunguza majirani hao kwanza, ndipo kamati iamue.

Tulianza nyumbani. Jioni tatu mfululizo tuliketi barazani, pamoja na wanafunzi wakubwa wa madrasa, tukiwa tumezima taa za nje. Mtoto mmoja alihesabu kwa sauti, wa pili akachora vijiti daftarini. Jua lilipozama, na wakati wa Magharibi kuingia, wa kwanza alichomoza kwenye upenyo wa bati, akajiachia kama jiwe kabla ya kufungua mabawa. Wakafuata wenzake, mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Iliadhiniwa, tukaingia kuswali, na tulipotoka baada ya sunna bado walikuwa wakitoka wachache.

Hawa ni popo wadogo, mwili mzima hauzidi kidole gumba kwa unene. Huruka juu, kwa kasi na kwa mstari ulionyooka, mithili ya mbayuwayu. Alama yao kubwa ni mkia: unachomoza nje ya ngozi ya mabawa kama mkia wa panya. Kwa umbo la miili yao hupenda kuanguka kutoka juu ndipo waruke, na ndiyo maana anayedondoka sakafuni huonekana kama mgonjwa, hali ya kuwa huenda anakosa tu mahali pa kupandia. Chakula chao ni wadudu. Hutoa sauti nyembamba inayopita kiwango cha sikio la mwanadamu, kisha husikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi huo humjua mdudu alipo hata katika giza totoro. Kinyesi chao hufanana na cha panya, na wengi tumekosea hapo. Ukikibonyeza kwa kijiti, cha panya hubaki kigumu, na cha popo huvunjika kikawa unga unaometameta vipande vya mabawa ya wadudu.

Wa mwembeni ni watu wengine kabisa. Tuliwatazama mchana, tukisimama mbali ili tusiwashtue. Walining'inia chini ya majani mazito, wachache katika kila tawi, rangi ya kahawia iliyofifia, nyuso kama za mbwa mdogo, macho makubwa yenye kutazama. Kwenye mashina ya masikio yao mna madoa meupe. Dume ana zaidi ya hayo: mabegani mwake mna vishungi vya manyoya meupe ambavyo huvificha na kuvikunjua apendapo. Naye ndiye mwenye ule mlio. Usiku huning'inia mahali pamoja akapiga sauti kama ya chuma kinachogongwa kwa kipimo, tena na tena, akiwaita majike. Watoto walipomwona kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, hofu ikageuka kicheko.

Popo hawa hawali wadudu. Hutegemea macho na pua, huchuma tunda, hulitafuna, hunyonya maji yake na kutema makapi. Yale makapi yaliyowaudhi vijana wetu ndiyo mabaki ya karamu hiyo. Wala kazi yao haiishii kwenye matunda. Mibuyu tuliyo nayo pwani hufungua maua yake usiku, na popo wa matunda ni miongoni mwa viumbe wanaohamisha chavua kutoka ua hadi ua. Mbuyu uliotupa kivuli na mabuyu ya watoto una deni kwa mgeni wa usiku ambaye hatukuwahi kumwona.

Imamu, ambaye ni mzaliwa wa Pemba, alipotusikia tukistaajabia popo wa mwembe alitabasamu. "Hawa ni vijukuu," alisema. "Twendeni mkawaone mababu." Basi kabla ya Ramadhani kuandama tukapanda meli, watu watatu na vikapu vyetu, tukavuka hadi Pemba. Kesho yake tukachukua daladala kutoka Chake Chake, tukateremka kwenye barabara kuu inayoelekea kaskazini, tukaingia kwa miguu kwenye njia ya udongo mwekundu, baina ya mikarafuu na migomba, hadi kijiji cha Kidike.

Wenyeji walitupokea kwa maamkizi marefu na maji ya madafu. Mgeni hulipa ada ndogo, nayo huenda katika mahitaji ya kijiji. Kijana mmoja alitutangulia kichakani, akatuomba tusipige kelele, kisha akanyoosha kidole juu. Tulidhani tunaona majani makavu yaliyokauka juu ya miti mirefu. Kisha majani yakajikunyata, yakajipepea. Walikuwa popo, mamia kwa mamia, wamefunikwa na mabawa meusi kama waliojitanda buibui, vichwa na vifua vyao vyekundu kama udongo ule tuliokanyaga. Mmoja alipofungua mabawa kuhamia tawi jingine, tuliona upana unaoweza kukaribia mita moja na nusu, kutoka ncha hadi ncha.

Popo huyu haishi popote duniani ila Pemba. Jamaa zake wa karibu wako Mafia, Komoro na Madagaska, na si bara la Afrika. Kijana alitueleza kwamba zamani aliwindwa kwa ajili ya nyama, na bunduki zilipoingia maangamizi yakazidi, huku misitu ikiendelea kufyekwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache mno, hata wataalamu wakahofia kuwa watatoweka. Hapo ndipo vijiji kama Kidike vilipoamua kuwa walinzi, kwa kushirikiana na idara ya misitu na wahifadhi kutoka nje. Hesabu iliyofanywa mwaka 2007 ilikadiria kuwa wamefikia takriban 20,000.

Lakini lililotugusa zaidi lilikuwa jambo la pembeni, alilolitaja mzee wa kijiji tulipokuwa tukinywa kahawa. Wakati misitu inafyekwa na kuwindwa kumeshamiri, baadhi ya mahali popo walipopata hifadhi ni makaburini. Watu waliona haya kukata miti iliyowafunika wazee wao, na chini ya heshima hiyo kiumbe dhaifu akapata kwa kukaa. Mzee wetu alisikia hilo akainamisha kichwa. Hatukumuuliza alikuwa akifikiri nini. Kila mmoja wetu alikuwa akiuona mwembe.

Njiani kurudi tulizungumza mas'ala. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, popo haliwi, kwa hiyo hatuna haja ya nyama yake. Kuhusu uchafu wake, mafakihi wa madhehebu hayo wametaja mkojo na kinyesi cha popo katika yale yanayosamehewa, kwa ugumu wa kujikinga nayo. Samaha hiyo haituondolei wajibu wa kuusafisha msikiti, ila inatuondolea kisingizio cha kuua. Na Qur'ani, katika Suratul An'am, imetufunza kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Asiyemjua jirani yake atawezaje kumtekelezea haki?

Kikao kilirudi, na taarifa yetu ilikuwa fupi. Mwembe ubaki. Vijana wafagie makapi kila asubuhi, na embe lililoumwa na popo lisiliwe, litupwe. Kwa wa darini, tumekubaliana kuwahamisha bila ya kuwaua. Tutasubiri mvua za masika zipite, hadi kipupwe, na fundi atachungulia kwanza kuhakikisha hamna vitoto. Kisha tutaziba matundu yote isipokuwa moja, na hilo moja tutalitundikia wavu mwepesi ulioachwa wazi chini, upite mwili wa kutoka na usipite wa kurudi. Usiku kadhaa ukishapita bila ya popo kuonekana akitoka, tutaliziba na hilo. Mpaka siku hiyo, turubai limetandazwa juu ya ubao wa dari ya akina mama, na mazulia yao ni safi. Vijana wa madrasa nao wametengeneza sanduku la mbao lenye upenyo mwembamba chini, tumelitundika juu ya ukuta wa uani. Pengine watalikubali, pengine hawatalikubali.

Kwa wasomaji wetu walio na popo majumbani, tunaongeza nasaha tatu. Popo asishikwe kwa mkono mtupu, hata akionekana mpole, kwani anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, bila ya kungoja kuona dalili. Ya pili, kinyesi kikavu kisifagiwe kikavu. Kinyunyiziwe maji kwanza, na anayefagia ajifunike pua na mdomo. Ya tatu, watoto wasiingizwe katika mapango ya popo kwa mchezo, kwani virusi vya Marburg vimehusishwa na popo wa matunda waishio mapangoni na migodini. Kutazama kwa mbali kunatosha, na kuna faida zaidi.

Jioni iliyopita mtoto wa madrasa alitujia mbio na daftari lake. Alikuwa amehesabu popo 214 kutoka darini, na wanne mwembeni. "Maalim," aliuliza, "wakihama tutahesabu nini?" Tukamwambia tutalihesabu sanduku, inshaallah. Akarudi barazani akakaa kimya, uso ameuelekeza juu, huku muadhini akitangulia kuelekea msikitini.