Mbwa Hana Dawa ya Kupaka

Katika insha zetu tumezoea kuandika "chungu kama shubiri", na walimu hututia alama ya vema. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuionja hiyo shubiri? Mimi nimeionja kwa ncha ya ulimi tu, na naapa waliotunga tashbihi hiyo hawakutia chumvi hata chembe.

Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu humwita Cucu, anaishi upande wa Siakago, kule chini ambako mvua ni ya kubahatisha na shubiri za porini humea zenyewe kando ya njia. Sisi tuko huku juu Runyenjes. Kila likizo mimi huteremka kumsaidia, na haya ninayoyaandika niliyaona kwake.

Likizo ya Agosti mbwa wake, Simba, alichanwa na seng'enge ubavuni akimfukuza nguchiro. Jeraha halikuwa la kina, ila nzi walikuwa washaanza kulizunguka. Cucu alichemsha maji kiasi cha nusu lita, akatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, akayaacha yapoe mpaka yakawa vuguvugu, ndipo tukaliosha. Kisha akaenda kwenye mkebe wake wa alovera, ile ya kupandwa, akakata jani moja la chini. Nilidhani atalipasua na kulipaka papo hapo. La hasha! Alilisimamisha katika kikombe kikuukuu, upande uliokatwa ukiangalia chini, akarudi kuambua mbaazi zake.

"Cucu, mbona humpaki?"

"Wacha limalize kulia kwanza."

Ama kwa hakika jani lilikuwa linalia, na machozi yake yalikuwa ya manjano. Huo ndio utomvu, nao hukaa chini tu ya ganda la kijani. Ndani kabisa mna ute mweupe unaoteleza kama ute wa yai. Watu wengi huvichanganya viwili hivi kwa kuwa vimo ndani ya jani moja. Ute hutuliza ngozi. Utomvu una aloini, ambayo ndiyo uchungu wenyewe, nayo ikiingia tumboni mwa mbwa au paka humtapisha na kumharisha. Jani lilipokoma kulia Cucu aliliosha, akamenya ganda lote, akauosha tena ule ute, kisha akampaka Simba utando mwembamba.

Sasa sikiliza. Kazi haikuishia hapo. Aliniamuru nimshike Simba kichwa mpaka dawa ikauke, na mbaazi zikaambuliwa bakuli zima nikiwa nimemkumbatia kama mtoto. Nilipolalamika, Cucu alisema, "Wewe nikikupaka dawa mkononi utatulia nayo. Huyu atailamba. Mbwa hana dawa ya kupaka, zote kwake ni za kunywa."

Maneno hayo yamenikaa kichwani kuliko mengi niliyofundishwa. Maana yake ni kwamba kabla ya kumpaka mnyama kitu chochote, jiulize kama ungemwekea kitu hicho kwenye chakula. Ati mafuta ya taa? Ati maji ya tumbaku? Dawa ya kuogeshea ng'ombe? Watu wanavipaka vyote hivyo kuua kupe na viroboto, kisha wanashangaa mbwa anatoka povu. Jirani mmoja alimnywesha mtoto wa mbwa maji ya shubiri ya porini ili amtoe minyoo. Mtoto yule alihara siku mbili, na ya tatu hakuamka. Duniani kuna aina zaidi ya 500 za shubiri, na baadhi yake ni sumu kali. Kwamba ni majani ya Mungu haitoshi.

Paka naye ni shauri jingine. Cucu hampaki paka kitu, humuosha kwa maji ya chumvi tu, kwa sababu paka hujilamba mwili mzima kutwa. Mwalimu wetu wa Biolojia alinieleza kwamba ini la paka halina uwezo wa kuzivunja dawa nyingi ambazo ini letu huzivunja. Kidonge kimoja cha panadoli chaweza kumuua. Au chukua pareto, ua ambalo kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia kwa kulikuza. Zile dawa za viwandani zilizoundwa kwa kuiga pareto, hasa permethrini, mbwa huzistahimili, lakini humtia paka mitetemeko na zaweza kumuua. Soma maandishi ya chupani.

Na kuna jeraha ambalo shubiri haina kazi nalo kabisa, yaani la kuumwa na mbwa usiyemjua. Usilishike kwa mikono mitupu, mwite daktari wa mifugo. Ikiwa aliyeumwa ni mtu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitalini siku hiyo hiyo akachanjwe, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mwaka 2014 nchi yetu ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya ugonjwa huu ifikapo 2030, na hesabu yake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Simba amechanjwa, cheti chake kimo ndani ya Biblia ya Cucu.

Jeraha lake lilifunga vizuri, ingawa nywele za hapo zimeota zikiwa nyeupe. Alovera ya Cucu nayo imejaza mkebe, na amesema anayetaka chipukizi apite Jumamosi yoyote. Ila piga hodi ukiwa bado langoni, Simba hapendi wageni.